Kadi au sikio la fundi? Kuseti mashine ya gravuri kwa kazi zinazojirudia

Kiwanda kinachochapa mfuko uleule wa sembe kila baada ya wiki mbili hakikosi ubishi huu. Ofisi inataka kila kazi iwe na kadi yake: pembe ya bledi (ukanda mwembamba wa chuma unaokwangua wino wa ziada kwenye silinda), mnato wa wino, joto la draya (kikaushio), mvuto wa filamu ya plastiki, yote yameandikwa, fundi anafuata. Mafundi nao wanasema gravuri, yaani kuchapa kwa silinda zilizochongwa vishimo vya kubeba wino, haiendeshwi kwa karatasi. Kadi iliyofaa Januari inakwama Julai, na anayejua ni yule anayesimama pembeni ya beseni la wino. Kwa Arusha na Moshi ubishi una uzito zaidi, kwa sababu kadi huanzia kwenye namba za kijitabu cha mtengenezaji, na kijitabu hakijui kama mashine imefungwa Dar es Salaam au Njiro, Arusha.

Pande zote mbili zina hoja, ila kila upande unaivusha hoja yake mpaka. Vipimo vya chuma na mpira viandikwe kwenye kadi na visiguswe ovyo. Vya majimaji vipimwe palepale, kila siku, na kadi iwe na kiwango cha kuanzia tu.

Hesabu ya ofisi ni rahisi kuifuata. Tuseme mashine inasetiwa kwa mwendo wa mita 60 kwa dakika, na fundi anatafuta rejista (rangi zote kuangukia mahali pake) na rangi yenyewe kwa dakika 12 zaidi ya inavyohitajika. Hizo ni mita 720. Kwa BOPP (filamu ya polipropilini) ya mikroni 20 yenye upana wa milimita 800, ni kilo 10 na ushei za filamu kwenye taka, wino na thina havijahesabiwa. Kazi ikirudi mara 26 kwa mwaka, ni karibu kilo 270 kwa mfuko mmoja tu. Na tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, kazi ya filamu ni vifungashio vya bidhaa yenyewe, yaani unga, sukari, kahawa na majani ya chai, kazi ambazo mchoro wake unaweza kukaa miaka bila kubadilika. Kuseti upya kutoka sifuri kila mara kazi ya namna hiyo ni kutupa fedha.

Kadi inafanya vizuri zaidi kwenye silinda. Katika seti moja, kila silinda hutengenezwa kubwa kidogo kuliko iliyoitangulia, kwa kipenyo kinachozidi sehemu 2 au 3 za mia za milimita, ili filamu ibaki imevutika kutoka yuniti (kituo cha rangi moja) hadi yuniti. Msaidizi akiingiza silinda mbili kwa kupishana, filamu inalegea katikati yake na rejista inayumba bila sababu ya kuonekana kwa macho. Fundi anaweza kuhangaika na vitufe saa nzima asilipate kosa. Mstari mmoja kwenye kadi, namba ya silinda na namba ya yuniti, unazuia hilo lote.

Bledi nayo ni hivyohivyo. Unene wa milimita 0.15 au 0.20, itokeze milimita 4 hadi 6 mbele ya bledi ya kuiegemeza, iguse silinda kwa pembe ya digrii 55 hadi 65. Rola ya mpira, inayokandamiza filamu kwenye silinda, iwe na ugumu wa Shoa A (kipimo cha ugumu wa mpira) 70 hadi 80 kwa filamu, na kwa karatasi 80 hadi 90. Alama yake ya mkandamizo iwe na upana wa milimita 10 hadi 13. Kuipima ni rahisi: mashine ikiwa imesimama, weka ukanda wa karatasi nyeupe na kaboni kati ya rola na silinda kila upande, shusha rola, inua, pima. Kushoto ikiwa 10 na kulia 14, filamu itavutwa upande mmoja na mikunjo itakuja tu, hata sikio la fundi liwe kali namna gani.

Hapa ndipo mkono wa fundi unapoharibu. Chukua ukungu wa wino, ile rangi hafifu inayotanda mahali pasipo na mchoro. Jibu la haraka la wengi ni kuongeza shinikizo la bledi. Mara nyingine ukungu unapungua kwa dakika kadhaa, kisha unarudi mzito kuliko mwanzo. Bledi ni nyembamba, na ikisukumwa zaidi inapinda, ncha yake inalala, na pembe halisi ya mguso inashuka. Badala ya kukwangua wino inaanza kuteleza juu yake, huku kromu ya silinda, yenye mikroni 6 hadi 8 tu, ikiendelea kuliwa. Kadi inayosema shinikizo la kazi hii ni bar 2 na halizidishwi bila kuandika sababu inaokoa silinda. Ukungu utafutwe kwanza kwenye mnato uliopanda, kwenye bledi iliyochoka na kwenye kromu iliyokwisha.

Lakini kadi haina macho. Mstari wa wino ukitokea kwenye filamu, swali la kwanza ni kama unatembea au umetulia. Bledi huchezacheza kushoto na kulia, kwa hiyo mstari unaoyumba pamoja nayo unatokana na bledi: imepata pengo, au kuna chembe ya wino mkavu imenasa chini yake. Mstari ulionyooka pale pale umo kwenye silinda, na hapo hakuna cha kufuta. Silinda inarudi kwa mchongaji. Fundi mzoefu anatofautisha hayo kwa kuutazama mfuko kwa nusu dakika. Asiye mzoefu anabadilisha bledi tatu kwa mkwaruzo wa silinda.

Hoja nzito ya mafundi, hata hivyo, iko kwenye wino. Ethili asetati, thina ya wino huu, huchemka kwenye digrii 77 usawa wa bahari. Arusha, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, inachemka karibu na 72. Moshi iliyo chini zaidi, karibu 74. Maana yake thina inapotea haraka zaidi kutoka kwenye beseni, mnato unapanda katikati ya kazi, na wino unakauka ndani ya vishimo vya silinda kabla haujafika kwenye filamu. Vishimo vyenyewe vina kina cha mikroni 30 au 40, havihitaji muda mrefu kuziba. Sehemu zenye rangi nyepesi ndizo zinazoanza kupoteza nukta: shavu la mtoto kwenye pakiti ya uji linakuwa na mabaka wakati maandishi makubwa bado yanapendeza.

Dawa yake ni mbili. Ya kwanza ni ya kadi: bledi isogezwe karibu na mahali rola inapogusa silinda, ili wino usafiri umbali mfupi ukiwa wazi. Ya pili ni ya fundi: kuchanganya thina inayokauka polepole, kwa mfano propili asetati inayochemka kwenye digrii 102, kuanzia sehemu moja kwa kumi ya thina yote na kupanda kidogo kidogo. Hapo napo kuna bei. Thina ya polepole hubaki kwenye chapa, na hewa ya huku ni nyepesi: feni ya draya inapuliza ujazo uleule lakini uzito wa hewa uko pungufu kwa karibu asilimia 15, hivyo inabeba joto pungufu. Ukizidisha, roli linatoka na harufu. Kwenye mfuko wa sabuni nani atajua. Kwenye kahawa ya Kilimanjaro mteja atajua siku ya kwanza.

Kisha kuna baridi. Usiku wa Julai Arusha huteremka hadi digrii 12 hivi, na pipa la wino lililolala stoo linaamka zito. Msaidizi anachovya kikombe cha Zahn namba 2 (kikombe chenye tundu; sekunde za wino kutoka ndizo kipimo cha mnato), kadi inasema sekunde 17, yeye anapata 23. Anamimina thina mpaka afike 17. Saa mbili baadaye wino umepata joto la chumba, kikombe kinasoma 14, na nyekundu ya chapa ya mteja imekuwa ya waridi. Namba ya kadi ilikuwa sahihi na aliyeifuata aliifuata vizuri. Kilichokosekana ni joto la wino kuandikwa pembeni ya sekunde: sekunde 17 kwa digrii 25. Mapipa yaingizwe chumba cha mashine tangu jana yake, mbali na moto wa aina yoyote, maana mvuke wa thina haungoji kuulizwa.

Filamu pia inahitaji kupimwa. BOPP iwe na angalau daini 38 kwa sentimita (kipimo cha uso wa filamu kushika wino), na kiwango hicho hushuka kadiri roli linavyokaa stoo. Kupitisha kalamu ya kupimia daini ni kazi ya dakika moja, na ni bora kuliko kugundua wino unabanduka kwa utepe wa gundi baada ya mita 6,000.

Umeme ukikatika, kadi na uzoefu vinasema jambo moja: inua rola ya mpira isije ikabaki na bapa, hakikisha silinda zinaendelea kuzunguka polepole kwenye wino kwa mota ndogo iliyounganishwa na jenereta, na kama jenereta imegoma, kuosha silinda kuanze papo hapo. Filamu iliyosimama ndani ya draya imeshanywea kwa joto, kwa hiyo ikatwe. Rejista haitafutwi juu yake.

Wapo wanaoona ubishi wote utaisha kwa kununua kifaa kinachodhibiti mnato chenyewe. Kinasaidia kweli kwenye kazi ndefu, kwa sababu hakisinzii shifti ya usiku. Ila kinajua kuongeza thina tu, kuitoa hakijui. Asubuhi ya baridi, kisipokuwa na kipimajoto ndani yake, kitarudia kosa la yule msaidizi, tena kwenye yuniti zote saba kwa mpigo. Kwa kiwanda chenye kazi tatu au nne zinazojirudia, fedha hiyo ianze kwanza kwenye kikombe na kipimajoto kwa kila yuniti, na kipimo kila baada ya dakika 20, kikiandikwa na anayepima.