Montségur: Kombe baki nalo, nisimulie watu

Kila nikianza kusoma habari za ngome ya Montségur, kule kusini mwa Ufaransa, najua aya ya pili haitaisha kabla sijaletewa Kombe Takatifu, kile kikombe cha hadithi kinachosemekana kukinga damu ya Kristo. Kisha hazina ya pangoni. Kisha jua la kiangazi linalopenya kwenye matundu ya ukuta, eti ngome ilikuwa hekalu la jua. Nimechoka.

Kuta zinazoonekana leo juu ya jabali lile, kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, si za Wakathari, Wakristo wa karne ya 13 walioitwa wazushi na Kanisa Katoliki, ambao ngome hii ilikuwa kimbilio lao. Ngome ilipotekwa ilipewa ukoo wa Lévis, Wakatoliki, na kinachopigwa picha leo kilijengwa baadaye. Wakathari waliacha misingi ya nyumba zao tu, imejibanza kwenye mteremko nje ya ukuta. Hekalu la wazushi lijengwe na waliowateka wazushi?

Na Kombe? Wakathari walifundisha kwamba ulimwengu huu wa vitu ni kazi ya mwovu, na kwamba Kristo hakuwa na mwili wa nyama kama wetu. Kikombe cha damu yake wangekitunza cha nini? Hadithi hiyo ilivumishwa sana na Mjerumani Otto Rahn, miaka ya 1930. Mali ilikuwepo, sikatai. Karibu na Krismasi ya 1243 watu wawili walitoroka usiku kutoka ngome iliyozingirwa wakiwa na dhahabu, fedha na sarafu. Akiba ya kanisa lao, basi.

Kinachonishika mimi ni siku 15 za mwisho. Mwezi Mei 1242 wapiganaji wa ngome hiyo waliteremka hadi mji wa Avignonet wakawaua wachunguzi wa uzushi waliotumwa na Kanisa. (Wakathari wenyewe waliharamisha kuua hata kuku, walinzi wao hawakuwa na mwiko huo.) Mwaka uliofuata jeshi likauzingira mlima kwa takriban miezi 10. Machi 1244 wakakubaliana kwamba ngome itasalimu amri baada ya siku 15: askari waende zao, hata damu ya Avignonet isamehewe. Ila Mkathari asiyeikana imani yake atachomwa.

Katika siku hizo za kusubiri, watu wapatao 20, wakiwemo askari waliokwisha kuhakikishiwa uhai wao, waliomba kuwekewa mikono na kuingizwa katika imani hiyo. Walijua kuni zinawangoja. Machi 16 walichomwa zaidi ya 200. Corba, mke wa bwana wa ngome, aliingia motoni pamoja na mama yake na binti yake Esclarmonde.

Mumewe, Raymond de Péreille, alibaki hai. Majuma machache baadaye aliketishwa mbele ya wachunguzi, akatakiwa kutaja nani aliamini nini, na karani akaandika. Majina ya wafu wale tunayajua kutokana na mahojiano kama hayo.