Mpelekeni Mtoto Akaone Maji Yakianguka

Mtoto aliyezaliwa Malindi huijua bahari kabla hajajua kuhesabu. Anajua maji yakijaa na yakipwa, anajua upepo wa kusi unavyoichafua bahari na kaskazi inavyoituliza. Mwulize sasa maji anayokunywa yanatoka wapi. Atakuonyesha mtungi wa lita 20 uliopangwa jikoni, au mkokoteni wa mwuza maji anayepita mtaani. Zaidi ya hapo hajui, na hatuna wa kumlaumu isipokuwa sisi wazazi, kwani kila likizo tunamrudisha ufukweni kulekule.

Ndiyo maana nawaambia jamaa na majirani, na leo naandika: watoto wetu wapelekwe msituni wakaone maji matamu yakianguka yenyewe. Maporomoko ya Sheldrick yako katika hifadhi ya Shimba Hills, Kwale, hukuhuku kwetu Pwani. Urefu wake ni mita 21 hivi. Kutoka pale magari yanapoachwa hadi chini yanapoangukia ni mwendo wa kama kilomita mbili, na mtoto wa miaka sita anaufika kwa miguu yake bila kubebwa.

Safari yenyewe, sikatai, ni ndefu kwa mtu wa Malindi. Ni kilomita zipatazo 120 hadi Mombasa, kisha kivuko cha Likoni na foleni zake, kisha barabara ya kupanda kwenda mji wa Kwale. Ukitaka kwenda na kurudi siku moja watoto watachoka kabla hawajaona kitu. Sisi tulilala kwa shangazi yangu Likoni, tukaondoka alfajiri na mahamri na mbaazi zingali moto. Malipo ya langoni hulipwa kwa simu kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa hiyo yamalizeni mapema mkiwa mjini, msije mkasimama langoni mnatafuta mtandao huku watoto wanalia jua.

Huendi peke yako. Askari wa wanyamapori hutangulia na bunduki yake, maana ndovu wamo na njia ni zao pia. Watoto wangu walimwogopa mwanzo, kisha wakamganda kwa maswali. Alituonyesha kinyesi cha ndovu kilichokuwa bado kibichi, akakivunja kwa kijiti, ndani mna nyuzi za majani na mbegu nzima nzima. Akaeleza kwamba mbegu zile zitaota hapo hapo. Mwanangu mkubwa alichuchumaa akazitazama kwa muda mrefu kuliko anavyokaa kwenye daftari la hesabu.

Njia inaanza kwenye uwanda wa nyasi, jua kali, kisha inaingia chini ya miti na inateremka. Hapo hewa inabadilika ghafla. Ukishateremka kidogo unaanza kuyasikia maji kabla ya kuyaona, na watoto wote wananyamaza bila kuambiwa. Halafu mti mmoja unapita, na hayo mbele yako: utepe mweupe unashuka kwenye mwamba mweusi, unapasuka katikati, unatawanyika kuwa mvuke, na chini kuna kidimbwi cha maji baridi ya kuuma meno. Kuvu na majani madogo ya kijani yamejishika kwenye mwamba kila mahali matone yanapofika, na pasipofika matone mwamba ni mkavu kabisa.

Mtoto wa ndugu yangu, mdogo kuliko wote, alisimama miguu imo majini akauliza, "Ami, haya yanafungwa saa ngapi?"

Swali hilo lilinikaa kooni. Mtoto huyu amekua katika mtaa ambapo mfereji hutoka siku fulani na siku fulani hautoki. Kwake yeye maji ni kitu kinachofunguliwa na mtu fulani ofisini. Hakuwahi kufikiri kwamba yako maji yasiyo na mwenye kuyafunga. Nilimwambia hayafungwi, yanatiririka usiku na mchana, akabaki ananitazama kuhakikisha kama nasema kweli.

Wapo watakaosema mita 21 ni kitu gani, nenda Nyahururu ukaone ya mita 74. Nyahururu ni kuzuri, na mwenye nafasi aende. Lakini maporomoko makubwa wengi huishia kuyatazama kutoka juu, nyuma ya ukingo, mzazi kamshika mtoto mkono asisogee. Haya madogo unayafikia. Mtoto anatia kichwa chini ya maji, anapiga kelele, anatoka, anarudi tena. Anayagusa mawe. Kwa familia yenye watoto wadogo na wazee, udogo huo ndio faida yake.

Wazee nawataja kwa sababu mama yangu alikuwamo. Kuteremka hakukumsumbua, kurudi ndiko kwenye kazi, maana sasa kote ni kupanda. Hapa ndipo familia nyingi hukosea, vijana wanakimbia mbele na mzee anabaki nyuma anahema. Mwacheni mzee atangulie, nyote mfuate mwendo wake. Askari wetu alikuwa kijana mwenye adabu. Kila penye kivuli alisimama akasema, "Hapa tupumue kidogo, mama." Naye mama akajibu, "Ahsante mwanangu, lakini usiniache nikakaa sana, nitalala." Tukafika juu salama.

Mama ndiye aliyenifanya nifikiri jambo la pili. Alikuwa amesita kuja. Kwa watu wa umri wake msitu si mahali pa matembezi. Una wenyewe, na huingii ovyo. Vijana husikia hivyo wakacheka. Mimi sicheki. Makaya ya Mijikenda, misitu yao mitakatifu, yamebaki na miti yake hadi leo, wakati misitu ya pembeni imekwisha, kwa sababu wazee waliweka miko: usikate, usiingie pasipo ruhusa, usichafue. Mwaka 2008 UNESCO ikayatia katika orodha ya urithi wa dunia. Heshima ile ya mama yangu nataka watoto waibebe wanapoingia Shimba, wasiingie kama wanaoingia uwanja wa mpira. Spika ya muziki ibaki nyumbani. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa katika hifadhi zote tangu Juni 2020, basi chukueni chupa za kudumu na chakula katika vyombo vya kurudi navyo. Na sabuni, jamani, watu wasioge na sabuni pale chini! Maji yale yana wanaoyanywa mbele.

Kwani milima ya Shimba ni midogo, lakini inasimama mbele ya bahari na kuzuia upepo wenye unyevu. Ukungu unatua kwenye miti, mvua inanyesha, ardhi ya msitu inainywa taratibu na kuitoa taratibu. Chemchemi za Marere, humohumo Shimba, zinawapa maji watu wa Kwale na Mombasa. Sisi wa Malindi tunakunywa ya Baricho, kutoka mto Sabaki, na Sabaki wote tunaujua: mvua zikinyesha bara unashuka na udongo, na bahari yetu kutoka Mambrui hadi mbele ya mji inageuka rangi ya chai ya maziwa. Huo ni udongo wa watu, umeng'oka kwenye ardhi iliyoachwa wazi bila miti. Mtoto aliyesimama kwenye kidimbwi cha Sheldrick akayaona mawe chini kabisa, kisha akarudi nyumbani akaiona bahari imechafuka, atauliza mwenyewe. Darasani somo hilo lingechukua wiki nzima na lisingeingia.

Mkibahatika, kwenye uwanda wa juu mtawaona palahala, swala wakubwa wenye pembe zilizopinda kurudi nyuma. Kenya nzima hawapatikani porini isipokuwa hapo Shimba. Sisi tuliwaona kwa mbali tu.

Kwa asiyeweza safari ya Kwale mwaka huu, Arabuko-Sokoke iko mlangoni petu pale Gede, zaidi ya kilomita za mraba 400 za msitu. Maporomoko hauna, ni tambarare na mchanga, lakini una sange wa kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, anayekimbia juu ya majani makavu, na una vipepeo. Watoto wajifunze kutembea na kunyamaza hapo kwanza.

Mwezi wa Agosti naona ndio mzuri kwa Shimba: masika yamekwisha, njia imekauka, na maji bado yana nguvu. Watoto wavae viatu vya kufunga, si ndala, kwani penye majani yaliyoloa panateleza. Na walimu wetu wa Malindi, ziara za shule kila mwaka ni Fort Jesus na kurudi. Fort Jesus ibaki, lakini basi likishafika Mombasa, Kwale si mbali tena. Lalisheni watoto usiku mmoja, wazazi tutachanga.