Kahawa wanabishania Berlin, shida yenyewe niliiacha Tandika

Niseme mapema kabla sijatukanwa na pande zote mbili, wanaoshabikia kripto na wanaoipinga, mimi sio mtaalamu wa kripto, hizi hela za mtandaoni kama Bitcoin, na siuzi koini kwa mtu yeyote, ukiona namba yangu inakuomba uwekeze laki ikuzalie milioni ujue nimedukuliwa. Mimi nilikuwa wakala wa hela za simu. Tandika, Dar, karibu na stendi, mwavuli, meza, kiti cha plastiki na simu tatu, mpaka 2016 nilipopata njia ya kuja Ujerumani. Naandika kwa sababu kila nikirudi likizo wana wa kijiweni wananiuliza "vipi huko mbele, watu wanalipa kwa Bitcoin?" na mimi kila mara najibu nusu nusu, sasa leo nimalize.

Jibu fupi ni hapana. Huku Berlin nilipofika nilikuta watu bado wanalipa keshi, tena kwa fahari. Unaingia mgahawani unakula vizuri, unatoa kadi, mhudumu anakuonyesha kibao ukutani kimeandikwa keshi tu, unatoka nje kwenye baridi unatafuta mashine ya kutolea hela na sahani yako iko mezani inapoa. Mimi mtu wa *150*00#, ile ya M-Pesa, niliona kama nimerudishwa nyuma miaka. Na aisee kuna jambo lilinichekesha sana nilipolijua: seva za M-Pesa ya Kenya zilikuwa zimekaa hapa hapa Ujerumani mpaka 2015 ndo zikahamishiwa Kenya. Yaani mama anatuma mia mbili kutoka Gikomba kwenda Kisumu, hesabu inapigwa nchi ambayo mkate unanunua kwa sarafu.

Ila walikuwepo waliokuwa wanalipa kwa Bitcoin. Kreuzberg kulikuwa na baa inaitwa Room 77, ilianza kupokea Bitcoin 2011 mpaka ilipofungwa 2020, na mshkaji mmoja wa kazini alinipeleka kwenye vikao vyao. Nilifika ugomvi wa saizi ya bloki umepamba moto. Sikuelewa kitu, nilielewa neno moja tu, kahawa. Kila baada ya dakika mbili mtu anasema kahawa. Nikadhani wanataka kuagiza.

Kumbe hoja yenyewe ilikuwa hii. Bitcoin ni daftari moja ambalo kila mwenye nodi, yaani kompyuta ya kulitunza, ana nakala yake nzima, na kila kama dakika 10 unaongezwa ukurasa mmoja, huo ndo bloki, na Satoshi mwenyewe aliyeianzisha 2010 aliweka ukomo wa megabaiti 1 kwa kila bloki. Ukipiga hesabu ilikuwa inakuja kama miamala 7 kwa sekunde dunia nzima, basi. Sasa swali, je kikombe cha kahawa cha mtu mmoja wa Berlin kiandikwe kwenye daftari ambalo nodi zote za dunia zitalitunza milele? Upande mmoja wanasema ndiyo, hela ni ya kutumia, ongezeni bloki iwe kubwa. Upande wa pili wanasema mkiongeza mno, mtu wa kawaida hataweza kutunza daftari nyumbani kwake, litabaki kwa makampuni yenye seva kubwa, na hapo mtakuwa mmejenga benki nyingine tu, kahawa itafutiwe njia yake.

Chukulia bloki ni daladala ya Gongo la Mboto inayotoka kila dakika 10, siti hazizidi, na konda hana nauli maalum, anapandisha anayetaja dau kubwa. Siku abiria wachache mambo safi. Desemba 2017 bei ya Bitcoin ilipopaa kila mtu akataka kupanda, wastani wa makato ya muamala mmoja ulipita dola 50, mwezi huo huo Steam wanaouza magemu wakatangaza hawapokei tena Bitcoin. Tayari tarehe 1 Agosti mwaka ule wa 2017 watu wa bloki kubwa walishajitenga wakaanzisha Bitcoin Cash yao, bloki megabaiti 8, mwaka uliofuata 32, na kabla mwaka huo wa 2018 haujaisha wakagombana wao kwa wao wakagawanyika tena. Wakanunua basi refu kama mwendokasi, lakini mwendokasi wa Jumapili alfajiri, siti tupu. Hilo ndo huwa nawaambia wale jamaa mpaka leo wakinuna wanune: nafasi mlipata, abiria hamkupata, kwahiyo shida haikuwa nafasi peke yake.

Sasa turudi Tandika. Nilikuwa nahudumia watu mia na zaidi kwa siku ya mwisho wa mwezi na sijawahi kuona mtu analipa kahawa kwa simu. Kahawa chungu na kashata ni mia mia mbili, nani atakubali akatwe makato kwa ajili ya mia mbili? Simu ni ya kutuma kijijini, kulipa luku, ada, kodi ya chumba. Kahawa ni sarafu. Kwahiyo hata mfumo ambao dunia nzima inatusifia nao haukuwahi kufika kwenye kahawa kwa miaka mingi, na hakuna mtu aliyesema M-Pesa imefeli.

Na kilichoifanya ifike kila mtaa sio kasi ya mtandao, ni sisi wa miavuli. Wakala anakaa na vitu viwili, float, yaani salio, kwenye simu na keshi kwenye droo. Mteja akiweka, float inapungua keshi inaongezeka, akitoa ni kinyume chake. Asubuhi wafanyabiashara wanaweka, jioni watu wanatoa, saa kumi unajikuta droo imejaa na simu tupu au simu imejaa na droo haina hata jero, hapo unamtuma dogo akimbie benki au kwa wakala mwenzio mbadilishane. Ukishindwa kulicheza hilo hata uwe na mtandao wa mwanga huna biashara.

Nimeeleza hivyo makusudi. Wale wa bloki ndogo walikuja na kitu kinaitwa Lightning, kimetokana na andiko la Joseph Poon na Thaddeus Dryja, kikaanza kutumika kweli 2018. Ni kama daftari la Mangi wa dukani, mnafungua hesabu ya watu wawili, mnaandikiana huko pembeni mara elfu, siku mkifunga ndo jumla inaandikwa kwenye lile daftari kubwa. Tofauti na kwa Mangi ni kwamba hela inawekwa mezani mwanzo kwahiyo hakuna kukopeshana. Siku mmoja wao anatuelezea na michoro yake ubaoni akafika sehemu akasema changamoto kubwa ni kwamba njia ya hela inaweza kujaa upande mmoja ikaisha upande wa pili, hapo malipo hayapiti mpaka usawazishe. Mimi nikaangua kicheko peke yangu. Si float hiyo jamani! Wamekaa miaka, vichwa vikubwa, hesabu za ajabu, wamezunguka wamekuja kutokea kwenye meza yangu ya Tandika na dogo anakimbia benki na kandambili. Nilimweleza yule kaka kuhusu mawakala akaniuliza maswali saa nzima, ndo mtu wa kwanza Ulaya kunisikiliza kuhusu ile kazi kama vile ni kazi.

Nisiwe mnafiki lakini, kuna kitu nimejifunza kutoka kwao. Mimi nilipokuwa nyumbani sikuwahi kujiuliza nani mwenye daftari. Julai 2021 serikali ya Tanzania ikaweka tozo ya miamala, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala mmoja juu ya makato ya kawaida, dada yangu alinipigia akiwa na hasira utadhani mimi ndo waziri. Watu wakarudi kubeba keshi, wengine kumpa konda wa basi la mkoani bahasha kama zamani. Kelele zikawa nyingi, Septemba wakapunguza asilimia 30, baadaye wakaendelea kulegeza. Wale jamaa wa Berlin hilo ndo jinamizi lao, kwamba mtu mmoja ofisini anabadilisha mstari mmoja na hela yako inabadilika. Nikaona wana hoja. Ila na wao waelewe kuwa tozo ilipungua kwa sababu watu walipiga kelele na kuacha kutumia, hakuna nodi iliyotuokoa.

Na kisheria nyumbani mambo yamekaa nusu nusu, Benki Kuu 2019 ilitoa tangazo kwamba kripto hairuhusiwi, Juni 2021 Rais Samia akawaambia waanze kujiandaa, na bajeti ya 2024 ikaja na kodi ya zuio asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Yaani haramu lakini kodi lipa. Sina la kuongeza hapo.

Kuhusu umeme nitapita haraka maana ndo swali ninaloulizwa na Wajerumani kila nikisema neno kripto. Ethereum, kripto nyingine kubwa, waliacha uchimbaji, ile ya mashine kushindana kuandika bloki kwa kula umeme, Septemba 2022 matumizi yao ya umeme yakashuka kwa zaidi ya asilimia 99, Bitcoin wamegoma. Lakini zile hesabu za "muamala mmoja unakula umeme wa nyumba mwezi mzima" zinapotosha kidogo, mashine zinakula umeme ule ule bloki ikiwa imejaa au tupu. Na huko kwa ndugu zetu wa Kongo, hifadhi ya Virunga tangu 2020 wanachimba Bitcoin kwa umeme wa maji yao wenyewe ambao haukuwa na mnunuzi, na hela ya watalii ilikuwa imekatika. Mtu wa Berlin aliyewasha hita siku nzima akiwalaumu hao wa Virunga namuona wa ajabu.

Mimi kripto naitumia kitu kimoja tu, kutuma nyumbani. Benki ya Dunia wanasema kutuma dola 200 kuja Afrika kusini mwa Sahara kunakula kama asilimia 8, ndo ghali kuliko sehemu nyingine zote duniani. Kwahiyo mwaka juzi mama alipolazwa nikanunua USDT, koini inayofuata thamani ya dola, nikamuuzia mtu wa Dar, yeye akamrushia dada hela kwenye simu. Kutoka Berlin mpaka meseji kuingia kwenye simu ya dada ni kama dakika sita. Nikajiona bingwa. Baada ya nusu saa nampigia, "umeshalipa dawa?" ananiambia "kaka bado, natafuta wakala". Wa kwanza mbele ya hospitali hana keshi. Wa pili kafunga, kaenda kula. Wa tatu anazo lakini laki mbili tu na sisi tunataka laki nne na themanini. Saa moja kasorobo amezunguka juani, na dirisha la dawa pale hawapokei kwa simu siku hiyo, kisa hawakusema. Wa nne ndo akamwambia "dada angu ngoja nimtume dogo".

Dogo yule yule. Angekuwa mwanangu ningemlipa mshahara wa injinia.

Nikiwaambia hii kule kwenye kikao wanasema tatizo ni kwamba duka la dawa halikupokea kripto moja kwa moja. Sawa. El Salvador walijaribu, Septemba 2021 sheria ikalazimisha maduka yapokee Bitcoin, kila raia akapewa dola 30 kwenye waleti ya serikali, wengi wakazitumia zile 30 wakarudi kwenye dola zao, na Januari 2025 ulazima ukafutwa. Hayo ni maduka yaliyoamriwa na serikali, sembuse dirisha la dawa Temeke.

Likizo iliyopita nilikaa kijiweni Tandika asubuhi zote. Siku ya kwanza nikamtolea mzee wa kahawa noti ya elfu kumi, ndo niliyokuwa nayo, akaiangalia kama nimempa karatasi ya kufungia vitumbua. Nikamwambia basi nikurushie kwenye simu mzee wangu. "Wewe kunywa, utanipa ukiwa na chenji." Ikawa hivyo kila asubuhi. Siku ya kuondoka nikaenda na sarafu zangu nikamwambia mzee nimekunywa vikombe kumi na moja, akanisahihisha, kumi na mbili, kile kimoja ulimnunulia shemeji yako. Alikuwa hajaandika popote. Nikampa buku mbili na mia nne, akamimina kingine cha njiani, na hicho bado nadaiwa.