Kuondolewa kwa append ndani ya pandas: watunzaji wanalaumiwa kupita kiasi

Tangu pandas 2.0, toleo la maktaba ya Python ya kushughulikia majedwali ya data, ilipotoka Aprili 2023, skripti za zamani za Python hukatika zikifika kwenye append ya jedwali, amri ya kuongeza mistari ambayo toleo hilo liliiondoa, na lawama huwaangukia watunzaji wa programu hii huria: wameharibu kitu kilichokuwa kizima. Kizima kilikuwa kweli, ila gharama yake wengi hawakuiona.

Chukua skripti inayosoma mizani ya karafuu ya Wete, Chake Chake na Mkoani, ikiongeza mstari mmoja mmoja kwa append. Append ile haikuwa ikiongeza chochote kwenye jedwali lililopo. Iliunda jedwali jipya na kunakili upya yote yaliyotangulia. Ukiingiza mistari 1,000 kwa njia hiyo, mistari inayonakiliwa tena inafika 499,500. Ukiingiza 10,000, inakaribia milioni 50. Data imezidi mara kumi, kazi imezidi mara mia! Ndiyo maana skripti huonekana nyepesi ikijaribiwa kwa data ya wiki moja, kisha kwa msimu mzima wa mavuno kompyuta ikaganda na kulaumiwa yenyewe. Na kwa kuwa append ya orodha ya kawaida ya Python huongeza palepale, anayeanza hakuwa na sababu ya kushuku hii. Kuiacha ilikuwa ni kuendelea kumtega.

Wanaolalamika wana haki yao pia. Ofisi iliyorithi skripti kwa kijana wa mafunzo aliyekwishaondoka haina wa kuirekebisha, na masomo mengi ya mtandaoni bado yanafundisha append.

Lakini onyo lilitolewa tangu toleo la 1.4, Januari 2022, tena kwa FutureWarning, aina ya onyo la mabadiliko yajayo ambalo Python hulionesha bila ya kuombwa. Kilicholinyamazisha mara nyingi ni mstari wa warnings.filterwarnings("ignore"), unaoficha maonyo yote na kunakiliwa kutoka faili hadi faili. Uondoeni huo kwanza. NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, ndiyo ya kulaumiwa zaidi: ilipotangaza kuacha majina ya np.int na np.float katika toleo la 1.20, ilitumia DeprecationWarning, aina ya onyo ambalo kwa kawaida Python hulificha likitokea ndani ya moduli (faili ya msimbo) iliyoingizwa kwa import, si kwenye skripti inayoendeshwa yenyewe. Toleo la 1.24 likayaondoa majina hayo na kuvunja kazi za watu ambao hawakuona onyo lolote.

Asiye na nafasi ya kurekebisha sasa aandike pandas==1.5.3 na numpy<2 kwenye requirements.txt, faili inayotaja matoleo ya kusakinishwa; humo append bado imo. Ajue tu kwamba anaahirisha: toleo hilo halikutayarishiwa Python 3.12, hivyo pip, kisakinishi cha Python, hujaribu kulijenga kutoka kwenye msimbo na mara nyingi hushindwa. Dawa yenyewe ni kukusanya mistari kwenye orodha, kisha kuunda jedwali mara moja baada ya kitanzi kumalizika. Anayebadilisha append kwa concat, amri ya pandas ya kuunganisha majedwali, akaiacha ndani ya kitanzi atakuwa ameondoa kosa kwenye skrini tu, kwani milioni 50 zile zitanakiliwa vilevile.