Kura ya Mgeni na Hesabu ya Wakazi

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia, vijiwe vya Mombasa hujaa madai kwamba wageni wasio na vibali wamepewa vitambulisho ili wakapige kura, na hasira yote huishia hapo, kwenye sanduku. Kwa maoni yangu, kishindo kikubwa zaidi kiko kwingine, kwa kuwa mgeni anaweza kugeuza uwakilishi wetu bila kukanyaga kituo cha kura, kwa kuhesabiwa tu.

Katiba ya 2010 imempa raia peke yake haki ya kujiandikisha kupiga kura. Hata hivyo, Ibara ya 89, inayoongoza ugawaji wa mipaka ya maeneobunge 290, inagawanya idadi ya wakazi wa Kenya, si idadi ya raia. Marekani nayo inafuata utaratibu wa namna hiyo tangu Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868, na ndiyo maana Donald Trump alipotaka, Julai 2020, wasio na vibali waondolewe kwenye hesabu ya kugawa viti vya Bunge, mzozo ulikuwa mkali. Katika sensa ya mwaka huohuo, jimbo la New York lilipoteza kiti kwa upungufu wa watu 89 tu.

Kwa Mombasa jambo hili lina uzito wake. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296 nchini, yaani wastani wa takriban 164,000 kwa kila eneobunge. Kaunti yetu, yenye watu 1,208,333 katika maeneobunge sita, ina wastani unaozidi 201,000. Mkazi wa Kisauni ana haki ya kuuliza kama kaunti za mpakani zimehesabu na waliovuka kutoka nchi jirani, kwa sababu viti vikibaki 290, wanachoongezewa wale ndicho tunachopunguziwa sisi. Shaka hiyo haikuanza leo. Mwaka 2010 Waziri wa Mipango, Wycliffe Oparanya, alifuta matokeo ya sensa ya wilaya nane za kaskazini, zikiwemo za Mandera na Turkana, akisema idadi iliongezeka kupita kiasi. Lakini wenyeji wa huko nao wana malalamiko yao, tena ya kinyume: wanasema wamepunguzwa, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa ilibatilisha matokeo ya 2019 ya Mandera, Wajir na Garissa. (Na tusisahau Lamu Mashariki, yenye watu elfu ishirini na kitu na mbunge wake kamili. Pengo hilo halikuletwa na mhamiaji yeyote, limetokana na sheria iliyoyalinda maeneobunge ya zamani.)

Tukirudi kwenye vitambulisho, wenye hofu wana hoja. Mashine ya tume ya uchaguzi hulinganisha kidole na rekodi, ila haiwezi kujua kama rekodi ile ilipatikana kwa hongo. Ndiyo maana Rais Ruto alipoondoa msasa wa ziada, yaani uchunguzi wa waombaji vitambulisho, kwa wakazi wa Kaskazini Mashariki, Februari 2025, wapinzani waliona mlango umeachwa wazi. Hoja hiyo ingenishawishi zaidi kama msasa wenyewe ungekuwa unamnasa mhongaji. Mwenye pesa huupita kando. Anayenaswa ni kijana wa Mji wa Kale, anayeambiwa alete cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi, pengine hata cha babu, kisha aketi mbele ya wazee kuulizwa nasaba yake, na huku daftari la wapiga kura linafungwa.

Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, walitambuliwa kuwa raia baada ya kuandamana kutoka Kwale hadi Nairobi mwaka 2016. Wapemba wa Kwale na Kilifi walisubiri hadi 2023. Kabla ya hapo, mvuvi wa Kipemba aliyeuza samaki wake alilipwa M-Pesa kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, kwa kuwa bila kitambulisho hana laini wala leseni. Sensa ilimhesabu, lakini kura hakuwa nayo, hivyo kichwa chake kikaongeza uzito wa kura za jirani zake na yeye mwenyewe akabaki bila sauti.

Wanaotaka raia peke yao wahesabiwe katika kugawa viti wangeuondoa ukinzani huo kwa kumfuta mvuvi yule kabisa. Mimi naunga mkono wakazi waendelee kuhesabiwa, na ukali wote uelekezwe kwa maafisa wanaouza vitambulisho. Karani wa sensa akianza kudai kitambulisho mlangoni, wa kwanza kujificha Likoni na Kisauni watakuwa wenyeji waliozaliwa hapahapa ambao bado wanangojea vyao.