Taarabu Ilizaliwa Imechanganyika

Juzi redioni mgeni mmoja alilalamika kwamba vijana wanaotia mdundo wa singeli kwenye taarabu wanaiua, na kwamba turudi kwenye taarabu asilia. Nimekereka mpaka leo. Asilia ipi hiyo?

Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash wa Zanzibar ndiye aliyemtuma Mohamed Ibrahim aende Misri akajifunze muziki, na aliporudi Unguja akapiga kasrini, watu wakiimba kwa Kiarabu. Kisha akaja Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, akaimba kwa Kiswahili, akaingiza kesi za mahakamani na visa vya mitaani, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Angesubiri aruhusiwe, leo tusingekuwa na taarabu ya Kiswahili ya kugombania.

Asiyeamini aende akaangalie kidumbaki, muziki wa Unguja ulio ndugu wa taarabu, kwenye harusi ya shamba. Fidla ni ileile ya taarabu, na nyimbo ni zilezile. Lakini kuna sanduku lenye uzi mmoja uliofungwa kwenye fimbo. Mpigaji anaukaza na kuulegeza mpaka apate besi. Kando yake kuna ngoma ndogo mbili, ndizo vidumbaki vyenyewe, pamoja na cherewa za kutikisa na mkwasa, vijiti vya kugonganisha. Wimbo unaanza taratibu, ukishakolea mwimbaji anaunganisha wa pili na wa tatu bila kupumzika, na akina mama waliojifunga kanga viunoni wameshaujaza uwanja. Taarabu imeishia wapi hapo, ngoma imeanzia wapi? Sijapata kuuona huo mpaka, na wanaocheza hawana haja nao.

Hata kwenye ushairi tulishapitia haya. Mshairi Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, yenye mashairi yasiyofuata vina wala mizani, watu waligombana kweli kweli. Leo mashairi yake yanasomeshwa vyuoni.

Jambo moja nalikubali, tena shingo upande: kinanda cha umeme kimewakosesha kazi wapiga kanuni na wapiga udi. Linaniuma sana, maana kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini na mtu hujifunza kwa miaka. Ila aliyewaondoa jukwaani si singeli. Ni sisi wenye shughuli, tunaotaka mtu mmoja na spika mbili kwa sababu ni rahisi kumlipa.

Basi anayeililia taarabu amwite mpiga kanuni kwenye harusi ya mwanawe na amlipe haki yake. Amnunulie na kijana wa mtaani kwake fidla, kisha amwache apige anachotaka.