Mcheza kwao hutunzwa, lakini halipwi

Jumanne asubuhi mama wa mwanafunzi wangu mmoja hapa Köln, Ujerumani, ninakofundisha gitaa, alinitumia ujumbe: mtoto kaamka na homa, leo hatakuja kwenye gitaa, samahani sana. Nikampa pole, nikarudi kitandani. Mwisho wa mwezi ada ikaingia benki kamili, na ile nusu saa ya homa imo humo humo. Hakuna aliyeuliza kama itakatwa, wala mimi sikulazimika kujieleza. Mkataba uko wazi: muda wa mwalimu umeshanunuliwa, mtoto aje asije. Hata likizo ya kiangazi, wiki sita nzima, ada inaendelea kuingia, maana hesabu imepigwa ya mwaka mzima ikagawanywa kwa miezi 12.

Nilifurahi. Baadaye, nikisonga ugali wangu wa unga wa duka la Waafrika, furaha ikageuka hasira, na hasira yenyewe haikuwahusu Wajerumani. Iliwahusu ninyi ndugu zangu wa Tabora, na mimi nikiwemo.

Najua mmeshaanza. "Huyo naye kafika Köln, keshatuona sisi washamba." Subirini kwanza. Mimi ni wa Ng'ambo, mtaa wa Tabora, nimezaliwa pale na kukulia pale, na chochote vidole hivi vinachojua vilijifunzia pale. Nikienda kupiga na hawa wenzangu wenye shahada za muziki, wanashangaa nawezaje kushikilia rithimu usiku kucha bila kutazama karatasi. Nawaambia nimetoka mji wa Kiko Kids ya Salim Zahoro, mji wa Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz. Mwanamuziki Shem Karenga mwenyewe alianzia Kigoma na Lake Tanganyika Jazz kabla ya kuja kwetu kujiunga na Tabora Jazz. Bendi zote hizo kwenye mji wa miembe na stesheni ya reli! Hawa hawana habari, nami huwapigia mpaka waelewe magitaa mawili yanavyojibizana bila kugongana. Kwa hiyo sitaki kusikia kwamba nadharau kwetu. Nadharau kitu kimoja tu, namna tunavyomlipa mpiga gitaa. Au tusivyomlipa.

Tunasema mcheza kwao hutunzwa. Kweli hutunzwa, nimeona kwa macho yangu. Harusi imechangamka, mjomba wa bibi harusi anainuka na noti ya elfu mbili, anacheza taratibu mpaka jukwaani, anaibandika kwenye paji la uso la mwimbaji lililolowa jasho, inanata. Mwimbaji anamtaja mjomba kwa jina, anamtaja na shangazi, anataja mpaka kijiji walikotoka. Mjomba anarudi na noti nyingine. Vigelegele ukumbi mzima. Raha ile hakuna ukumbi wa Köln utakaonipa, na wala sitanii.

Lakini mtazameni mpiga besi. Kasimama nyuma karibu na spika, hana kipaza sauti cha kumtaja mtu, na mjomba hana habari naye. Mpiga rithimu, yule ambaye akinyamaza dakika moja watu wote wataacha kucheza, anatoka usiku ule na alichogawiwa na mwenye vyombo, baada ya mwenye vyombo kutoa mafuta ya jenereta, nauli ya kirikuu na fungu lake mwenyewe. Mimi nilikuwa mpiga rithimu. Kinachobaki nakijua: supu ya asubuhi na bodaboda ya kurudi nyumbani. Na hapo ni wakati wa neema, tumbaku imeuzwa, wakulima wana hela. Mvua ikikaza harusi zinaadimika, gitaa linaning'inia ukutani, mwenyewe anakwenda kubeba magunia.

Mzee aliyenifundisha hakunitoza hata senti. Malipo yalikuwa kumchotea maji, kumbebea amplifaya, na kukaa kimya nimtazame vidole. Siku moja uzi wa kwanza ulimkatikia mchana, harusi ni jioni, na nyuzi za dukani hazipo. Akachukua waya wa breki ya baiskeli, akaufumua kwa koleo, uzi mmoja mmoja. Akachagua mmoja, akaupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada kuona kama una vifundo, akaufunga, akaanza kuukaza pole pole huku kaegemeza sikio kwenye mbao za gitaa. Ukashika. Usiku ule alipiga solo kwa waya wa baiskeli na hakuna aliyejua ila mimi. Huku nina wenzangu wanaobadilisha nyuzi zote sita kabla ya kila onyesho, za zamani wanazitupa zikiwa nzima. Huwa naziokota naziweka kwenye bahasha, mtu akienda nyumbani nampa. Cheka tu, lakini kuna watoto wa Isevya, kule kule Tabora, wanaozipigia.

Mzee huyo alipopatwa na kiharusi tulifungua kundi la WhatsApp la michango. Mnayajua yale makundi: picha yake kitandani, jina la aliyetoa, kiasi, jumla mpaka sasa. Nilichanga, mlichanga, Mungu awazidishie. Ila jamani, mtu kapiga gitaa umri wake wote, kafundisha nusu ya wapigaji wa mji, halafu matibabu yake yategemee nani kaguswa leo na nani kaona ujumbe? Ni noti ile ile ya kwenye paji la uso, safari hii imefika hospitali.

Hapa wasanii wana mfuko wao wa bima, unaitwa Künstlersozialkasse, na sheria yake ilianza kazi mwaka 1983. Mimi sina mwajiri, nafundisha huku, napiga kule, narekodi nikiitwa. Nalipa nusu ya mchango wa pensheni na matibabu. Nusu ya pili wanailipa wengine: asilimia 30 ya mchango wote inatoka kwa wanaotumia kazi zetu, kama redio, wachapishaji na waandaaji wa matamasha, na asilimia 20 inatoka serikalini. Sharti uonyeshe kwamba sanaa ndiyo kazi yako na kwamba inakuingizia zaidi ya euro 3,900 kwa mwaka. Kwa maisha ya nchi hii hizo si hela. Yaani hata mpiga gitaa aliyechoka kama mimi anahesabiwa kuwa ni mfanyakazi, atakayeumwa na atakayezeeka.

Kurekodi ndiko kunakonichoma zaidi. Nikiwa bado nyumbani niliitwa kuipigia kwaya moja, nyimbo nane. Studio ni chumba kimoja, kuta zimebandikwa trei za mayai na mablanketi, na umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, kwa hiyo tulianza usiku uliporudi. Solo, rithimu na besi nilipiga mimi peke yangu, prodyuza anasinzia kwenye kiti, namwamsha kila wimbo ukiisha. Kulipokucha nikapewa elfu ishirini, chipsi mayai, na "Mungu atakulipa". Nyimbo zile zilipigwa redioni sana, hata mama yangu alikuwa anaziimba akifua. Jina langu halikuandikwa popote, hata kwenye daftari la prodyuza.

Huku nikipiga gitaa kwenye wimbo wa mtu kunaandikwa kwamba nilikuwepo na nilipiga nini. Wimbo ukichezwa redioni, shirika la GVL, ambalo lipo tangu 1959, linanikusanyia malipo ya haki yangu kama mpigaji. Mtunzi naye ana shirika la GEMA la kumkusanyia yake. Mara ya kwanza kupata hela ya GVL ilikuwa kidogo, haitoshi hata jozi ya viatu. Lakini niliisoma ile karatasi mara mbili tatu. Kumbe kazi ya siku moja ambayo nilishaisahau ilikuwa bado inanifanyia kazi.

Mtaniambia hata sisi tuna COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Tunayo, kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1999, na sheria hiyo inamtambua mpigaji pia, siyo mtunzi peke yake. Mwaka 2022 wasanii waligawiwa mirabaha, yaani malipo ya kazi zao kutumika, niliona picha nikashangilia peke yangu kwenye treni. Sasa niambieni, kwenye studio zetu nani anaandika jina la mpiga besi? Hiyo mirabaha itamtafutaje mtu asiyeandikwa? Mtaniambia tena Bima ya Afya kwa Wote imeshapitishwa, tangu 2023, na mfuko wa pensheni wa NSSF unawapokea waliojiajiri. Sawa, mimi wa kwanza kupiga makofi. Lakini anayelipwa kwa noti za jasho, leo tatu na kesho hakuna, atachanga nini kila mwezi?

Wala sisemi huku peponi. Shule za muziki za huku ziliwatumia walimu miaka na miaka kama vibarua wa kulipwa kwa saa, mpaka Juni 2022, mahakama ya juu ya masuala ya hifadhi ya jamii ilipoamua kwenye kesi ya mwalimu mmoja wa shule ya muziki ya mji wa Herrenberg kwamba yule alikuwa mwajiriwa na alistahili kulipiwa bima kama waajiriwa wengine. Tangu hapo shule zinahaha na mikataba, na walimu wenyewe bado tunabishana kama hukumu ile ilituletea kheri au balaa, maana kuna shule hazina bajeti ya kuajiri. Kodi inauma. Saa nne usiku ikigonga, gitaa chini, jirani hana utani. Na kucheza hawachezi! Nimepiga sebene mbele ya ukumbi mzima wa watu waliokaa wamekunja mikono, sebene ambayo Tabora hata mwenye magongo angeinuka. Mwishoni mzee mmoja akaja na uso mkavu kuniambia amefurahi sana. Nilimwamini, maana alinunua na sidii, lakini niliumia. Hela yangu iliingia siku ile waliyosema itaingia. Nilienda kulala mapema, sijatunzwa na mtu.

Sasa nije kwenye ile hoja ninayoisubiri: "watu hawana hela." Hawana? Kwenye harusi hiyo hiyo MC kalipwa nusu mapema na nusu iliyobaki kabla hajashika kipaza sauti, la sivyo haji. Mpambaji kalipwa. Keki imelipwa. Mpiga video kalipwa, tena kamati ilikaa vikao viwili kujadili rangi ya vitambaa vya viti. Ikifika zamu ya bendi, "tutaelewana, nyie si vijana wetu?" Na huyo huyo mwenyekiti wa kamati anamlipia mwanawe tuisheni ya hesabu kila mwezi, mtoto aende asiende, bila kelele. Kumbe kulipia muda wa mtu tunajua! Tunajua vizuri sana. Ni mpiga gitaa tu tuliyemtoa kwenye orodha, kwa vile anaonekana anafurahi akiwa kazini. Mwalimu wa hesabu angekuwa anatabasamu ubaoni sijui kama angelipwa.

Wapigaji wenzangu nao siwaachi. Mtu anaulizwa bei anachekacheka, "aah, wewe mzee utaangalia mwenyewe." Mzee anaangalia mwenyewe kweli, anatoa elfu kumi kwa watu watano, halafu njia nzima ya kurudi ni lawama. MC hachekicheki. MC anatuma namba ya M-Pesa. Kama vijana wa bendi wangekubaliana kwamba spika haipandi kwenye kirikuu kabla ya nusu ya malipo, na kila mpigaji fungu lake litajwe mbele ya wote kabla ya kuondoka, tunzo ingebaki kuwa nyongeza kama inavyotakiwa. Mjomba na acheze na noti zake, sina ugomvi naye hata kidogo.

"Basi rudi utufundishie watoto." Hiyo nimeandikiwa sana, tena na watu ninaowaheshimu. Nikija likizo nitafundisha, pale pale Ng'ambo, chini ya mwembe ikibidi. Ada ni ya mwezi, inalipwa tarehe moja, na bei ni ile ile mnayomlipa mwalimu wa tuisheni ya hesabu. Sitaleta bei za Köln. Tayari binamu yangu kaniuliza kama ya mwanawe itakuwa bure, maana sisi ni ndugu. Nimemwambia hapana, nikamtumia na namba. Shangazi kanipigia kunisema, nimemsikiliza mpaka salio lake likaisha.

Na anayetaka kuandika kwamba nimesahau nilikotoka, aandike pia mpiga gitaa wa mwisho aliyemlipa ni nani, na alimpa shilingi ngapi.